Anayekwenda Ulaya Atumwe na Kilosa

Kikao cha kuwaandaa watu wanaokwenda ng'ambo kwa ziara ya kubadilishana utamaduni na ujuzi wa kazi hufanana popote utakapokikuta wilayani kwetu, iwe Ilonga, Kilosa mjini au Mikumi. Ubaoni panaandikwa pasi, viza, chanjo, koti zito, zawadi za wenyeji, nyimbo mbili tatu za kuimba. Husimama mmoja aliyewahi kufika huko, akaeleza baridi ilivyo na jinsi chakula chao kilivyopooza. Watu hucheka, huandika, huulizana nauli ya Dar es Salaam, kikao kikafungwa kwa dua. Yote hayo yanahitajika na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwa yale yasiyoandikwa ubaoni: huyu tunamtuma akatutafutie nini, na akirudi atakifanyia kazi wapi?

Naamini ziara ya namna hii hufaulu au huanguka kabla msafiri hajapanda ndege, na wanaoiamua ni wale wanaobaki nyumbani. Penye kazi inayomngoja msafiri, hata wiki tatu huzaa. Pasipo na kazi, hata miaka miwili ya masomo huishia kuwa picha kwenye simu.

Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Mwaka 1972, reli ya TAZARA ikiwa bado inajengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, Chuo Kikuu cha Northern Jiaotong, kusomea kazi za reli. Walikwenda katika nchi ambayo wengi wao hawakujua lugha yake wala chakula chake. Lakini nyuma yao njia ya kilomita 1,860 ilikuwa inalazwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na reli hiyo isingetembea bila watu. Wakasoma wakijua wanachosomea. Watu wa Kilosa wanaifahamu TAZARA kwa karibu kuliko wengi, kwa kuwa tawi la reli ya kati linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hukutana nayo Kidatu, mahali ambapo mizigo hulazimika kuhamishwa kwa sababu upana wa njia hizo mbili haulingani.

Miaka ya 1960 vijana wetu wengine walipelekwa China hiyo hiyo kujifunza sarakasi. Waliporudi hawakuachwa watawanyike. Kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi, na ujuzi ule baadaye ukaingia Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981. Leo mtoto anayebinuka kwenye mchanga wa Bagamoyo huenda hajui kwamba sehemu ya anachokifanya ilivuka bahari ikiwa ndani ya miili ya vijana wale. Imedumu kwa sababu ilipewa pa kukaa.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote uko Ilonga, mwendo mfupi tu kutoka Kilosa mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mwalimu Nyerere ilipeleka watu Sweden na nchi jirani zake kutazama vyuo vya wananchi vya huko. Vyuo hivyo vilikuwa na umri mkubwa tayari: Denmark ilifungua cha kwanza Rødding mwaka 1844, Sweden ikafuata mwaka 1868. Mtu mzima wa kijijini aliweza kukaa humo miezi kadhaa akasoma bila kukimbizana na mitihani, akarudi shambani akiwa raia anayeelewa zaidi. Wajumbe wetu waliyaona hayo. Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Tanzania ikaanza kuwa na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Leo viko 54, na Ilonga ni kimojawapo.

Kilichonivutia katika historia hiyo ni kwamba wajumbe hawakurudi na nakala. Chuo cha wananchi cha Kitanzania kilitiwa useremala, uashi, ushonaji, upishi, kilimo na ufugaji, kwa kuwa mwananchi aliyekuwa akingojwa hapa alihitaji mkono wenye kazi pamoja na kichwa kilichofunguka. Walikwenda wakiwa na shida yetu mkononi, wakaipima kila walichoonyeshwa kwa shida hiyo. Naona hiyo ndiyo ziara iliyoandaliwa vizuri kuliko zote katika habari hii, na wala sidhani kuna aliyeihesabia makoti.

Tuje kwenye karatasi, maana lazima zipatikane. Pasi ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, inahitaji kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na kijana wa Kidodi au Rudewa ambaye jina lake NIDA, kwenye mamlaka ya vitambulisho, limeandikwa tofauti na la kwenye cheti anaweza kupoteza miezi akilisahihisha. Viza ya nchi za Schengen huombwa mapema kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15 kabla. Ada yake kwa mtu mzima tangu Juni 2024 ni yuro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itamsaidia wakati wa kurudi, hasa kama ndege itamlaza Addis Ababa au Nairobi. Jambo moja limekuwa jepesi: treni ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza safari mwaka 2024 ina kituo Kilosa, hivyo kwenda ubalozini Dar es Salaam hakumtoi tena mtu jasho kama zamani.

Lakini litazameni swali ambalo ofisa wa viza hulirudia kwa njia nyingi. Anataka taarifa ya benki, barua ya mwajiri au ya chuo, mwaliko wa wenyeji, tiketi ya kurudi. Akiziweka zote pamoja anauliza neno moja: kipi kitakurudisha kwenu? Kijana asiye na akaunti benki wala ajira ya barua hujibu kwa shida, na wengi hunyimwa hapo. Naumia ninapoona hivyo, kwa kuwa vijana wa Ulaya huja Mikumi kwa mamia bila kuhojiwa namna hiyo. Hata hivyo, swali lenyewe ni lile lile ambalo sisi tungepaswa kuwa tumeliuliza kwanza. Chuo kikiandika barua kwamba msafiri huyu atakaporudi ataendesha mafunzo fulani, katika karakana fulani, kuanzia tarehe fulani, kwa wanafunzi walioandikishwa tayari, barua hiyo ina uzito ubalozini. Na ina uzito mkubwa zaidi hapa Kilosa.

Sasa niseme ninachokitaka. Miezi mitatu kabla ya safari, anayekwenda azunguke. Aende kwa mafundi, kwa wakulima, kwa wafugaji, kwa mama lishe wa stendi ya Mikumi, kwa watafiti wa TARI Ilonga wanaohangaika na mbegu za mahindi na mtama, kwa walimu wa chuo cha ufundi cha VETA Mikumi. Awaulize: nikifika huko mnataka nikawaulizie nini? Aandike kwa Kiswahili, kwa maneno yao. Daftari hilo ndilo mzigo wake wa kwanza, akilisahau bora akose koti.

Watu wakiulizwa kweli, hawaombi makuu. Seremala atataka kujua mbao zao hukaushwaje hata milango isijipinde baada ya msimu wa mvua. Mkulima atauliza mahindi yanatunzwaje ghalani bila kuliwa na dumuzi, mdudu ambaye naye alitujia kutoka ng'ambo mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambaye wakulima walimbatiza jina la lori, Scania, kwa jinsi anavyokula. Aliyewahi kuona mto Mkondoa ukivunja kingo na kuingia majumbani, kama ilivyotokea mwishoni mwa Desemba 2009, atauliza wenzetu hujengaje karibu na mto.

Na liko swali ambalo Kilosa ina haki ya kulituma kuliko wilaya nyingine yoyote. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Tangu hapo yamefanyika mengi ya kuupoza uhasama huo, mipaka ikawekwa, vikao vikaitishwa, na bado kila kiangazi kikikaza watu hulala jicho moja wazi. Msafiri wetu akienda Sweden ataonyeshwa viwanda, shule na makumbusho. Aombe apelekwe kaskazini pia. Huko wako Wasami, watu wanaofuga rendia, aina ya kulungu wa nchi za baridi, na wanaohama na mifugo yao kati ya milima na misitu kwa majira. Msimu wa baridi rendia hushuka kula kuvumwani (likeni) inayoota ardhini kwenye misitu ambayo kisheria ni mali ya watu wengine. Wenye misitu hulalamika kwamba miche yao inaharibiwa. Wafugaji hujibu kwamba babu zao walipita hapo kabla hati hazijaandikwa.

Mtu wa Kilosa akiyasikia hayo hahitaji mkalimani. Huko Nordmaling wenye misitu waliwashtaki wafugaji, kesi ikachukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Sweden ikaamua kwamba wafugaji wana haki ya kimila ya kulisha mifugo yao kwenye ardhi ile wakati wa baridi. Hukumu hiyo haiwezi kubebwa nzima nzima ikapandikizwa Rudewa. Sheria zetu za ardhi ni nyingine, idadi ya watu ni nyingine, na mahindi yakishaliwa hayachipui kama msitu. Lakini mfugaji wa Kiparakuyo na mkulima wa Kikaguru wakikaa pamoja na Msami mmoja na mwenye msitu mmoja, wakaulizana walikubalianaje kuhusu njia za kupitisha mifugo, nani hulipa fidia na kwa ushahidi gani, hapo pangekuwa na mazungumzo ambayo sijui semina gani ingeweza kuyatoa. Nashangaa tumewapeleka vijana huko miaka yote hii kutazama theluji.

Upande wa pili wa daftari uwe wa tunachopeleka, na hapa ndipo maandalizi yetu huwa hafifu kabisa. Mtazame fundi cherehani sokoni Kilosa akishona gauni la kitenge. Anampima mteja kwa futi kamba: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Vipimo vitano sita anaviandika kwa kalamu pembeni ya kitambaa chenyewe. Anakikunja kitenge, anakilainisha kwa kiganja, anachora kwa chaki moja kwa moja juu yake, anaacha nafasi ya mshono kwa jicho, anahakikisha maua ya mbele yanakutana, ndipo anashika mkasi. Hakuna karatasi ya mchoro mahali popote. Mteja ana bega moja lililoshuka kwa kubeba ndoo tangu utotoni. Fundi amekwisha kuliona, na chaki yake imekwisha kulifuata. Akimaliza, mabaki ya kitambaa yanatosha kilemba na mfuko.

Katika vyuo vya ushonaji vya Ulaya mwanafunzi huanza na karatasi. Huchora vipande, huvikata, huvibana kwa pini juu ya kitambaa, halafu ndipo hukata. Njia hiyo inawezesha gauni moja kurudiwa mara mia bila kubadilika, na mafundi wetu wanaopewa tenda za sare za shule wanaihitaji sana. Njia yetu inamvalisha mtu mmoja alivyo, kwa kitambaa kidogo. Mwanafunzi wa Ilonga asiyewahi kuambiwa kwamba kukata kwa jicho ni ujuzi atafika kule aone haya, aifiche mikono yake, na kurudi akiwa ameacha kile ambacho wenyeji walikuwa na hamu ya kukiona. Hivyo kabla hajaondoka apewe anayeanza, amfundishe kukata gauni huku akieleza kwa sauti kila hatua na sababu yake. Atagundua kwamba yako mambo mikono yake inayajua na kinywa chake hakijawahi kuyasema. Afanye hivyo mpaka maneno yaje. Fundi wa magari wa Mikumi naye afanye vivyo hivyo, yule anayelala chini ya lori la Zambia au Kongo usiku wa manane kando ya barabara kuu, tochi mdomoni, akifufua pampu ambayo kwingine ingetupwa na kununuliwa mpya.

Tuna mengine pia ya kufundisha, na makubwa. Vyuo vya wananchi vinawapokea wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito, wanasoma sekondari na ufundi huku watoto wao wakilelewa hapo hapo chuoni. Mpango huo, Elimu Haina Mwisho, ulikuwa ukitembea kabla serikali haijaruhusu Novemba 2021 wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Binti aliyepitia njia hiyo akisimama mbele ya walimu wa Sweden ana la kuwaambia kuhusu jinsi chuo cha wananchi kinavyoweza kuwa. Wazo lilitoka kwao, limekulia kwetu, sasa liwatembelee likiwa mtu mzima.

Kuhusu utamaduni, nina ombi moja. Vikundi vyetu vikiombwa kuimba huko nje huangukia Malaika na Jambo Bwana, nyimbo nzuri ambazo kila mtalii ameshazisikia hotelini. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliizunguka dunia na ilimba na zeze mpaka alipofariki Desemba 2003, na watu wa Ulaya walimkalia kimya wasielewe neno hata moja la Kigogo. Alikuwa na kitu alichokijua mpaka mizizi. Vijana wa Kilosa waende kwa bibi na babu zao, Wakaguru, Wasagara, Wavidunda, wajifunze wimbo wa kuvuna au wa harusi, na wajue unaimbwa lini, nani hauimbi, na kwa nini. Zawadi hiyo haina uzito kwenye mizani ya uwanja wa ndege.

Tabia za huko wataelezwa vikaoni, nami sitarefusha. Mwalimu wa Sweden huitwa kwa jina lake la kwanza, na kijana aliyelelewa kwa shikamoo ataona ulimi mzito. Avumilie, hajakosa adabu. Ukiambiwa saa nane kwa saa zao, geuza kichwani kabla hujajibu, na ufike dakika tano mapema. Desemba mjini Stockholm jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Giza hilo huwaelemea wageni kuliko baridi, na ni vema mtu aambiwe kabla ili asije akadhani anaumwa.

Nani aende? Hapa nasema bila kuzunguka. Tumezoea kumchagua anayejua Kiingereza, au anayeshika faili, na aliyezoea kusafiri huzidi kusafirishwa. Fundi bingwa aliyeishia darasa la saba hubaki kuwa mtu wa kuwapigia wenzake makofi siku ya kuagana. Apelekwe yeye, na mwenye Kiingereza afuatane naye amtafsirie. Maana mbele ya mashine ya kupasua mbao, anayejua kuuliza swali la maana ni yule aliyewahi kupasua mbao.

Na tarehe ya kutoa ripoti ipangwe kabla tiketi haijakatwa. Ripoti nyingi za safari hizi huandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili, nakala moja ikaenda ofisini, na hapo ikalala. Mimi nataka mkutano wa hadhara, Kiswahili kitupu, msafiri akiwa na lile daftari la maswali mkononi. Aitwe kila aliyeuliza, kwa jina: wewe ulitaka kujua kuhusu mbao, hiki ndicho nilichokiona, hiki sikukipata. Mwenye swali ataridhika au atabisha, na kubisha kwake kutatufaa kuliko makofi.

Mwaka unaofuata wageni watakuja kwetu, kwa sababu kubadilishana ni zamu. Desturi ni kuwapokea kwa ngoma, kuwapeleka hifadhi ya Mikumi wakaone tembo kwenye mbuga ya Mkata, kisha kuwalaza kwenye hoteli nzuri iliyo karibu na lango. Hifadhi hiyo ipo tangu mwaka 1964 na itakuwepo Jumapili wakitaka kwenda. Siku za kazi walale kwenye nyumba za watu Ilonga na Kilosa, wale ugali na mlenda wa nyumba hiyo, na saa moja na nusu asubuhi wawe karakanani wamevaa ovaroli. Mgeni wa ushonaji apewe futi kamba, chaki na doti ya kitenge, na fundi wa sokoni aketi karibu naye, amfundishe kukata kwa jicho. Naye akishamaliza, atoe karatasi zake za michoro, watu wetu wajifunze.